Kadi ya Agosti, Orodha ya Oktoba: Kijana wa Mwanza Anapotelea Wapi Katika Uchaguzi wa Serikali za Mitaa

Asubuhi moja katikati ya Oktoba 2024, karibu na kijiwe cha bodaboda cha Buzuruga, nilimkuta kijana amesimama mbele ya meza ya mwandikishaji huku pikipiki yake ikiunguruma pembeni. Alikuwa ameshika kadi ya mpiga kura, mpya, bado inang'aa. “Dada, mimi nimeshajiandikisha,” alisema, “kadi yangu hii hapa.” Mwandikishaji, binti wa rika lake, aliitazama na kumrudishia. “Kaka, hiyo ni kadi ya Tume. Hapa ni orodha ya mtaa. Kama unataka kumchagua mwenyekiti, nikuandike, ni dakika mbili tu.” Kabla hajajibu, abiria akamwita kutoka ng'ambo ya barabara. Akaondoka akisema atarudi jioni.

Sijui kama alirudi. Ninachojua ni kwamba kijana yule hakuwa mzembe wala hakuwa mtu asiyejali mambo ya nchi yake. Miezi miwili tu kabla ya hapo, Agosti 2024, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipofika Mwanza kuboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, alipanga foleni, akapigwa picha, akachukuliwa alama za vidole na kukabidhiwa kadi. Kwa akili ya kawaida, mtu aliyefanya hayo yote ameshajiandikisha. Kwa mujibu wa kanuni, alikuwa amejiandikisha kwa ajili ya uchaguzi mwingine kabisa. Tunapowalaumu vijana kwamba hawajitokezi katika chaguzi za mitaa, ni vyema kwanza tuwe wakweli kuhusu ugumu wa njia yenyewe, kwa sababu wengi hupotelea njiani wakiwa wanakwenda.

Tanzania Bara ina chaguzi mbili zinazogusa ngazi ya chini, na majina yake yanachanganya. Uchaguzi mkuu, ambao wa mwisho ulifanyika 29 Oktoba 2025, humchagua rais, mbunge na diwani. Diwani ni mtu wa kata, na kata ni sehemu ya halmashauri, yaani serikali ya mitaa kwa maana ya kisheria, hata hivyo diwani hachaguliwi katika “uchaguzi wa serikali za mitaa.” Uchaguzi unaoitwa hivyo, ambao wa mwisho ulifanyika 27 Novemba 2024, huwachagua walio chini ya diwani: mjini ni mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati ya mtaa, kijijini ni mwenyekiti wa kijiji, wajumbe wa halmashauri ya kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Balozi wa nyumba kumi, ambaye wazee wengi bado humtaja kwa pumzi moja na mwenyekiti, ni kiongozi wa chama na hayumo katika karatasi ya kura. Mtendaji wa mtaa naye hachaguliwi. Ni mwajiriwa wa halmashauri.

Chaguzi hizi mbili zina wasimamizi wawili, na ndipo mkanganyiko wa kadi unapozaliwa. Uchaguzi mkuu husimamiwa na Tume, kwa kutumia Daftari la Kudumu. Uchaguzi wa mtaa wa mwaka 2024 ulisimamiwa na Ofisi ya Rais – Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI) kwa kanuni za waziri mwenye dhamana, kwa kutumia orodha inayoandikwa upya kila uchaguzi unapofika. Sheria ya Tume ya mwaka 2024 ilitaja kwamba Tume itakuja kusimamia pia uchaguzi wa wenyeviti wa mitaa, vijiji na vitongoji, lakini kwa utaratibu utakaowekwa na sheria nyingine ya Bunge. Na kwa kuwa utaratibu huo haukuwa umetungwa, kazi ilibaki TAMISEMI. Binafsi naona mpangilio huu unamgharimu mwananchi muda pasipo sababu ya msingi, na ungeweza kurekebishwa bila kugusa Katiba. Maadamu upo, ni lazima ufahamike. Orodha ya mtaa iliandikwa kwa siku kumi tu, kuanzia 11 hadi 20 Oktoba 2024. Haikutoa kadi yoyote. Ilimtaka mtu awe raia, awe ametimiza miaka 18, na awe mkazi wa mtaa au kitongoji husika. Aliyekuwa na kadi ya Tume lakini hakuandikwa katika siku hizo kumi hakuwa na mahali pa kupigia kura ya mwenyekiti.

Swali linalofuata huulizwa kwa haki: mwenyekiti wa mtaa ana nini hata mtu aache kazi yake kwa ajili yake? Kijana wa Igogo au Mabatini huenda hajawahi kumwona mbunge wake ana kwa ana, lakini ofisi ya mtaa ameshaifikia zaidi ya mara moja, pengine akiwa na hasira. Barua ya utambulisho hutoka pale. Bila barua hiyo, kushughulikia kitambulisho cha taifa, kufungua akaunti benki au kumdhamini ndugu aliyeshikiliwa polisi huwa safari ndefu. Mvutano juu ya mfereji wa maji ya mvua unaoshuka kutoka nyumba za mawe ya juu hadi vibanda vya chini, jambo ambalo kila anayeishi katika vilima vya Mwanza analijua vizuri masika yakianza, hufikishwa kwanza kwa mwenyekiti. Zamu za usafi, ulinzi shirikishi wa usiku, michango ya ujenzi wa darasa na mahali pa kukusanyia taka kabla gari la halmashauri halijafika, yote huamuliwa au huvurugwa pale.

Pale pale ndipo fedha za vijana zinapoanzia. Sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 baada ya kasoro nyingi kubainika, zikiwemo za vikundi hewa, kisha ukarejeshwa mwaka uliofuata kwa masharti mapya. Kikundi hewa hakiandikiki makao makuu ya halmashauri bila mtu wa chini kukitambua, au angalau kunyamaza. Ofisi ya mtaa inawajua wakazi wake, au inapaswa kuwajua. Inajua nani kweli anachomelea mageti kule Nyakato na nani amekusanya majina matano ya binamu zake. Mwenyekiti anayeogopa kuulizwa mkutanoni ni tofauti na mwenyekiti aliyeingia ofisini bila mtu yeyote chini ya miaka 30 kumjua jina.

Vijijini mamlaka ni mazito zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekabidhi usimamizi wa ardhi ya kijiji kwa halmashauri ya kijiji, na ugawaji wa ardhi unahitaji ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza miaka 18. Kijana wa Misungwi au Magu anayelalamika kwamba mashamba ya kando ya mto yamegawiwa kwa wageni anazungumzia uamuzi ambao, kisheria, ulipaswa kupita mbele yake akiwa ameketi mkutanoni.

Kuna pia hesabu ambayo haizungumzwi vya kutosha. TAMISEMI ilitangaza kwamba watu zaidi ya milioni 31 waliandikishwa Oktoba 2024, takwimu ambayo vyama vya upinzani viliitilia shaka. Tuichukue tu kama ilivyo. Mitaa na vitongoji vya Tanzania Bara kwa pamoja ni takriban 68,000. Ukigawanya, unapata wastani usiofika watu 500 kwa kila mtaa au kitongoji. Mitaa ya Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili za mjini Mwanza, ni mikubwa kuliko wastani huo, lakini hata hivyo kijiwe kimoja cha bodaboda chenye vijana 40, wakiwa wamejiandikisha na kukubaliana, ni kundi ambalo hakuna mgombea wa mtaa anayeweza kulipita bila kushuka kwenye gari. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 2025, ambao daftari lake lilikuwa na watu zaidi ya milioni 37, vijana hao hao 40 hawaonekani. Kwa mujibu wa Sensa ya 2022, Mkoa wa Mwanza una watu 3,699,872, na nchi nzima, vijana wa miaka 15 hadi 35 ni zaidi ya theluthi moja ya wananchi. Wingi wao upo. Kinachopungua ni majina yao katika orodha ya mahali wanapolala.

Neno “mkazi” linaonekana jepesi kwenye karatasi, lakini ndilo linalowamwaga vijana wengi kuliko uvivu. Mzee mwenye nyumba Kitangiri ameishi pale miaka 30; mwandikishaji anamwandika kabla hajajitambulisha. Mpangaji wa chumba kimoja, aliyehamia Machi kutoka Igoma na huenda akahamia Buhongwa kodi ikipanda, hajulikani na mtu, na mara nyingi hata yeye mwenyewe hajihesabu kuwa mtu wa mtaa ule. Ukimuuliza anakotoka atakutajia Kwimba. Kwake, “kwetu” ni kule alikozikwa babu yake, na mtaa wa Mwanza ni mahali pa kulala tu. Sheria haiulizi alikozikwa babu. Mpangaji ni mkazi sawa na mwenye nyumba, na wala mwenye nyumba hana kauli juu ya kuandikwa kwake. Mwanafunzi wa chuo naye huandikwa nyumbani akiwa likizo, kisha siku ya kura anakuwa chuoni Malimbe akitafuta pa kulaza godoro, umbali wa mikoa miwili kutoka kwenye jina lake.

Lakini anayebanwa kuliko wote, na ambaye sijamsikia akitajwa katika semina yoyote ya elimu ya mpiga kura, ni mvuvi wa dagaa.

Wanaoishi kando ya Ziwa Victoria wanajua kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza. Taa huwashwa juu ya maji, dagaa hukusanyika kwenye mwanga, wavu hushushwa. Mwezi unapokuwa mpevu, ziwa zima huwa na mwanga na taa haina la kuwaambia dagaa. Ndipo kazi husimama, mitumbwi hupandishwa mchangani na vijana wengi wanaoishi kambini visiwani huvuka kurudi bara kuona wake zao, kupeleka fedha na kupumzika. Giza likirudi, nao hurudi kisiwani. Maisha yao hayaongozwi na kalenda ya ukutani.

Sasa tuweke kalenda hizo mbili pamoja. Mwaka 2024 mwezi ulikuwa mpevu tarehe 17 Oktoba, katikati kabisa ya siku kumi za kujiandikisha. Kijana wa dagaa alikuwa nyumbani, tuseme Kirumba au Igombe, na kama alikuwa raia mwema alikwenda kuandikwa huko huko. Siku ya kura ilikuwa 27 Novemba. Mwezi mwandamo uliofuata ulikuwa tarehe 1 Desemba, kwa hiyo usiku wa tarehe 27 ulikuwa karibu giza tupu, usiku ambao mvuvi hawezi kuuacha. Siku hiyo ilitangazwa kuwa ya mapumziko nchi nzima, lakini dagaa hawakupata tangazo. Vituo vilifunguliwa saa 2:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni, saa ambazo yeye alikuwa kambini Ukerewe au Kome, amelala baada ya usiku wa kuvua, na jina lake likiwa ng'ambo ya maji.

Mtu anaweza kusema hiyo ni bahati mbaya ya mwaka mmoja. Niliihesabu tena, na sivyo. Kutoka katikati ya siku za kuandikishwa hadi siku ya kura ni kama wiki sita, yaani mwezi mmoja na nusu wa angani. Mwezi na nusu ndio umbali kati ya mbalamwezi na giza. Mradi ratiba ibaki na nafasi ya wiki sita, mvuvi atakayekuwa nyumbani wakati wa kuandikwa atakuwa kisiwani wakati wa kupiga kura, na atakayeandikwa kisiwani atakuwa nyumbani. Hakuna aliyekusudia kumfungia mvuvi nje. Ni mpangilio wa watu waliokaa mbali na maji. Ratiba ikisogezwa wiki mbili tu, maelfu ya vijana wa kanda hii wangejikuta mahali pamoja na majina yao.

Nimeeleza mambo ya utaratibu kwa kirefu kwa sababu hayo yanaweza kutatuliwa. Lipo jingine lisilo la utaratibu, nalo siwezi kulipita kimya mbele ya msomaji wa Mwanza. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, baadhi ya vyama vikasusia, na chama tawala, CCM, kikapata zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Mwaka 2024 wagombea walienguliwa tena kwa wingi, na matokeo yaliyotangazwa yakawa zaidi ya asilimia 98. Kisha ikaja siku ya uchaguzi mkuu wa 2025: maandamano yalizuka katika miji kadhaa, Mwanza ikiwemo, watu wakapoteza maisha, intaneti ikazimwa, na baadaye serikali ikaunda tume ya uchunguzi. Kijana aliyeyaona hayo akiniuliza jina lake katika orodha ya mtaa litabadilisha nini, sitamjibu kwa maneno ya mabango. Orodha haiponyi majeraha hayo, na asiyeamini kura ana sababu anazoweza kuzitaja kwa tarehe.

Ninachoweza kumwambia ni kwamba mwenyekiti wa mtaa wake yupo ofisini leo, awe alichaguliwa kwa ushindani au alipita bila kupingwa, na barua ya utambulisho itaendelea kupita pale hadi mwaka 2029. Mambo mengi katika ngazi hii huamuliwa kabla ya siku ya kura, katika hatua ambazo vijana hawafiki kwa sababu hawakuambiwa kwamba zipo. Sheria yetu hairuhusu mgombea binafsi, kwa hiyo anayetaka kugombea, akiwa na miaka 21 au zaidi, hana budi kudhaminiwa na chama, na ndani ya chama kuna kura za maoni ambazo mara nyingi hupigwa na watu wachache katika ukumbi mdogo. Katika mitaa ambako mshindi wa kura hizo ndiye atakayekuwa mwenyekiti bila shaka yoyote, uchaguzi wenyewe ulikuwa ule wa ukumbini. Kampeni za Novemba 2024 zilikuwa za siku saba tu. Asiyejua wagombea kabla ya hapo alichagua picha. Kuna pia siku za kukagua orodha, inapobandikwa ili wakazi waone kama yamo majina ya watu waliohama, waliofariki au wasiofikisha umri, na waombe yarekebishwe. Katika mtaa ninaoishi mimi, mwaka 2024 nilikwenda kuisoma. Nilikaa pale kama nusu saa, na aliyesimama nami muda wote huo alikuwa muuza karanga aliyekuja kupumzika kivulini.

Baada ya uchaguzi kuna mikutano ya wakazi, ambako mapato na matumizi hupaswa kusomwa. Kijijini mkutano mkuu hupaswa kuitishwa walau kila baada ya miezi mitatu. Mkutano ukiitishwa siku ya kazi saa 4:00 asubuhi, wanaohudhuria ni wastaafu na kina mama wachache, na hapo ndipo mchango wa shilingi elfu tano kwa kila kaya hupitishwa kwa makofi. Kuomba mkutano uhamishiwe Jumapili jioni hakuhitaji kadi ya Tume wala orodha ya TAMISEMI.

Hivi karibuni nilimpigia hesabu ya mwezi kijana mmoja niliyemkuta Mwaloni Kirumba akishusha magunia ya dagaa. Nilimweleza kwamba, kama uchaguzi ujao utafuata ratiba ile ile, Oktoba 2029 mwezi utaandama karibu na tarehe 7, kwa hiyo siku za kujiandikisha zitaanza giza likiwa bado halijaisha, yeye akiwa kambini Ukara, na mwezi utakuwa mpevu karibu na tarehe 22, orodha ikiwa imeshafungwa. Na Novemba mwezi utakuwa mpevu karibu na tarehe 21, kwa hiyo siku ya kura huenda bado yuko nyumbani. Akahesabu kwa vidole, akacheka. Akasema basi itabidi avuke kuja kuandikwa bara kabla ya mbalamwezi, na kwamba suala hilo atalizungumza mapema na tajiri wake mwenye mtumbwi, kwa sababu akikosekana mmoja usiku huo mtumbwi hauingii ziwani, na wanaokosa ni wanne.